Nyumba Sita za Magoda na Hesabu ya Joto la Usiku

Mtu wa pwani akiulizwa nyumba bora ni ipi, mara nyingi atataja tofali za bloku, bati la rangi na madirisha ya aluminiamu. Nyumba sita zilizojengwa kijijini Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, mwaka 2014 na 2015, zinapingana na jibu hilo karibu katika kila kipengele. Kuta zake ni za mianzi, mbao au neti ya kivuli, ile ile inayotandazwa juu ya vitalu vya miche. Baadhi zina ghorofa moja juu, na vyumba vya kulala viko huko huko juu.

Wazo lilitoka mbali kidogo. Lorenz von Seidlein, mtafiti wa malaria anayefanya kazi Bangkok, na Jakob Knudsen, msanifu majengo wa Denmark, walizitazama nyumba za vijijini Asia ya Kusini-Mashariki: sakafu imeinuliwa juu ya nguzo, ukuta mwepesi, upepo unapita. Hali ya hewa kule, joto na unyevu kwa pamoja, inafanana na ya Tanga. Basi kwa nini nyumba zetu za udongo na fito ziwe zimefungika hivyo? Wakaamua kujenga ili wapime, badala ya kubishana.

Kiini cha jambo ni ukuta mzito. Udongo, tofali na zege hunyonya joto polepole na kulitoa polepole. Jua la saa nane mchana linalopiga ukuta wa udongo halifiki ndani papo hapo. Linachukua saa kadhaa kupenya. Kwa hiyo chumba kinapata joto hilo saa mbili, saa tatu usiku, wakati nje kumeshaanza kupoa na watu wanataka kulala. Ukuta unalipa deni la mchana kwa aliyelala ndani.

Ukuta mzito wenyewe hauna ubaya wowote, ila una mahali pake. Wagogo wa Dodoma walijua walichofanya walipojenga tembe, lenye kuta nene na paa bapa la udongo: kule usiku unapoa sana, na joto lililohifadhiwa ukutani ni faida alfajiri. Muheza mambo ni tofauti. Unyevu unaifanya tofauti ya joto kati ya mchana na usiku kuwa ndogo, kwa hiyo ukuta haupati nafasi ya kupoa vizuri kabla ya jua jingine. Anayeishi hapo anahitaji ukuta usiohifadhi kitu, na upepo wa kukausha jasho mwilini.

Ndivyo ilivyofanyika Magoda. Mianzi, mbao nyembamba na neti zina uzito mdogo mno, kwa hiyo jua likizama zinapoa karibu sawa na hewa ya nje, na kwa kuwa hewa inapenya ukutani, upepo hausubiri dirisha. Wavu huzuia wadudu. Vipimo vilionyesha kwamba nyumba hizo nyepesi zilikuwa na ubaridi wa nyuzi 2.3 zaidi ya nyumba za kawaida za kijijini. Kwenye karatasi namba hiyo ni ndogo. Kwa mtu aliye chini ya chandarua ni kubwa, kwa sababu chandarua hupunguza upepo, na joto ni mojawapo ya sababu zinazowafanya watu wakitupe pembeni usiku wa manane.

Mbu nao walipungua, na katika nyumba za ghorofa walipungua kwa asilimia 96. Sehemu ya maelezo ni wavu na milango inayojifunga vizuri. Nyingine ni kimo. Mbu wa malaria wengi hutafuta damu wakiruka karibu na ardhi, na jaribio lililofanywa baadaye nchini Gambia lilionyesha kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini. Hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua, ambayo ni mojawapo ya ishara zinazomwongoza mbu, nayo haijikusanyi ndani ya nyumba inayopitisha upepo.

Msomaji aliyezoea maandishi ya Ulaya kuhusu nyumba zinazookoa nishati atashtuka hapa, kwa sababu mfano mashuhuri wa huko unafanya kinyume kabisa. Nyumba nne za Kranichstein, mjini Darmstadt, Ujerumani, zilizoanza kukaliwa mwaka 1991, zilizibwa kila ufa. Paa lilipewa kizuia joto cha unene wa karibu sentimita 45, madirisha vioo vitatu, na hewa safi ikaingizwa kwa mtambo unaorudisha joto la hewa inayotoka. Kule adui ni baridi ya nje, na kuziba ndiyo akiba. Mfano huo una maana pwani pale tu mtu aliposhaamua kuishi kwa kiyoyozi.

Hapo ndipo majengo mengi mapya ya mijini yanapokosea. Nyumba ya bloku yenye dirisha la aluminiamu la kuteleza, linalofunguka nusu tu, haina upepo wa kutosha wala haijazibwa vya kutosha. Mwenye nyumba anaishia kununua kiyoyozi kinachokula takribani kilowati moja kwa chumba kimoja, na ubaridi unavujia kwenye nyufa na dari isiyo na kizuia joto. Nyumba nyepesi ingemtosheleza kwa feni ya dari ya wati 50 hadi 75. Bado hatujahesabu saruji, ambayo uzalishaji wake unachangia takribani asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, wala kuni za kuchomea tofali.

Nyumba za aina hii zina kasoro, na si ndogo. Ukuta wa neti hauzuii sauti. Mazungumzo ya chumbani yatasikika uani. Mwizi mwenye kisu hahitaji kuvunja kitu. Jua huchakaza neti, mianzi isiyotibiwa huliwa na bungua, nguzo za mbao huliwa na mchwa, na mvua ya upepo inadai paa lenye ukingo mpana. Kuna pia heshima ya mtu: nani atakayeweka akiba miaka kumi ili ajenge kitu kinachofanana na kitalu? Naona hoja hii ya mwisho ina nguvu kuliko zote, na haitatuliwi kwa kipimajoto.

Baadhi ya majibu yalitafutwa mkoani Mtwara, ambako wazo hilohilo liliendelezwa katika nyumba 110 za ghorofa, safari hii kwa fremu za chuma chepesi ambazo mchwa hawazigusi. Chuma nacho kinatoka tanuruni, lakini kinapokuwa chembamba kiasi hicho hutumika kidogo. Neti ya kivuli imebaki juu, wanakolala watoto. Kinachosubiriwa sasa ni fundi wa kawaida, asiye na mfadhili, aichukue michoro hiyo na kutoa bei yake.