Sifa ya Tone Lililopimwa

Tangu Pangani hadi Mkinga, watu wa pwani ya Tanga wameyajua mabusha na matende kwa vizazi vingi, na matabibu waliokuja kuyachunguza walitambua jambo la ajabu, kwamba vijidudu vyake hujificha mchana kutwa na kutembea damuni usiku, hata ikalazimu watu wachomwe kidole karibu na saa sita za usiku, wakati ambapo kila mtu angependa kuwa kitandani. Damu iliyotoka haikuachwa itiririke ovyo juu ya kioo. Ilivutwa kwa mrija mwembamba mpaka ikatimia mikrolita 100, yaani sehemu moja katika kumi ya mililita, ikatiwa katika asidi ya siki iliyozimuliwa, ndipo vijidudu vikahesabiwa kimoja kimoja chini ya hadubini. Mrija ule ungalikuwa mwongo, hesabu yote ingalikuwa porojo. Nami naona si insafu kwamba tumewasifu waliohesabu, tukamsahau aliyeuunda mrija.

Kupima uchache ni kazi ngumu kuliko kupima wingi. Huko Amani, juu ya Muheza, katika milima ya Usambara, ambako kwa miaka mingi palikuwa na taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza malaria, na hata leo katika maabara za hospitali zetu, tone nene la damu aghalabu hupakwa kiooni bila kupimwa. Kwa hiyo mwenye hadubini huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu, akachukulia kwamba kila mikrolita ina chembe nyeupe 8000, ilhali mgonjwa huyu huenda anazo 4000 na yule 11000. Sisemi kwamba njia hiyo ni batili, kwani imetufaa na ingali inatufaa. Lakini ni dhana iliyovikwa joho la yakini.

Kipimo cha haraka cha malaria, ambacho siku hizi kimefika hadi zahanati za vijijini, hutaka mikrolita 5 tu. Tone la kiasi hicho likiviringana halizidi sana milimita 2 kwa upana. Likipungua, vimelea vichache huenda visionyeshe mstari. Likizidi, wekundu wa damu hutapakaa dirishani ukaufunika mstari hafifu, na msomaji akaona si kitu. Ndani ya kile kikasha cha plastiki hamna pampu wala betri: karatasi maalumu ndiyo inayouvuta umajimaji toka ncha moja hadi nyingine, ikaulazimisha upite juu ya dawa zilizowekwa tayari, kwa mwendo ambao fundi aliuamua alipochagua ukubwa wa vitundu vya karatasi. Joto na unyevu wa mwambao ni adui wa karatasi hiyo, ndiyo maana pakiti huwa na kifuko cha kukausha na haifunguliwi mpaka mgonjwa amekwisha kaa kitini. Kuaminiwa ni jambo jingine: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007, uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki ya Tanzania, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa wakaonekana hawana malaria walipewa dawa ya malaria vivyo hivyo. Hilo ni la waganga; mimi namzungumzia fundi.

Fundi huyu ana sheria zake. Katika vijifereji vyenye upana wa unywele, uzito wa maji hausemi kitu. Mvutano wa uso wake ndio unaotawala. Mikondo miwili hupita ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika ila kwa kupenyana polepole, basi mwenye kutaka ichanganyike hukipinda kifereji mara nyingi. Akitaka umajimaji usimame, hukipanua kifereji ghafula, nao hufika ukingoni ukasita. Na akitaka kiasi maalumu, hutegemea tundu. Mrija wenye tundu la nusu milimita hushika mikrolita 5 katika urefu wa milimita 25 na nusu hivi. Urefu ukizidi kwa sehemu moja ya kumi, kiasi nacho huzidi kwa sehemu moja ya kumi. Lakini tundu likipanuka kwa kadiri hiyo hiyo, kiasi huzidi kwa asilimia 21, kwa kuwa upana wa tundu huzidishwa kwa nafsi yake. Stadi wa kazi hii hukesha juu ya tundu. Muradi wake ni ule wa kibaba cha mfuto, ambacho mwenye duka hana haja ya kukikadiria, kwani kikijaa hadi ukingoni na kukatwa sawasawa kimekwisha kusema.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Uganda, Nigeria na Ufilipino, ambamo wahudumu wa afya walipewa vyombo mbalimbali vya kuhamishia damu toka kidoleni hadi kwenye kipimo, miongoni mwavyo mrija wa kioo, bomba dogo la kubinywa, kitanzi cha plastiki, na kijiti chenye kikombe kidogo kilichopinduliwa nchani. Kikombe kilivipita vingine kwa usahihi, na wahudumu wenyewe wakakipenda zaidi. Sishangai. Bomba hutaka kidole kijue lini kiache kubinya. Mrija wa kioo huvunjika. Kitanzi hushika utando ambao mara ni mnene, mara mwembamba. Kikombe hugusishwa tone kikajaa, kikagusishwa kipimo kikamwaga, wala hakimwombi mtu hukumu. Fauka ya hayo, vikombe hutoka katika kalibu moja. Na kosa la kalibu, kama lipo, ni lile lile kwa kila kikombe, hivyo laweza kupimwa na kusahihishwa kiwandani, ilhali kosa la mkono hugeuka kwa uchovu, kwa giza, na kwa mtoto anayefurukuta mapajani mwa mamaye.