Uungu na Ubinadamu wa Minerva katika Kazi za Christine de Pizan

Katika Le Livre de la Cité des Dames (1405), Christine de Pizan, mzaliwa wa Venice aliyeandikia Ufaransa, anawavua Minerva, Ceres na Isis uungu wao. Wanasawiriwa kuwa wanawake waliotukuzwa kwa ugunduzi wao: Minerva wa silaha za chuma na ufumaji, Ceres wa kilimo. Yaweza kudaiwa kwamba mbinu hii inalinda imani ya Kikristo tu, na kwamba imetokana na Boccaccio. Dai hilo halijitoshelezi. Boccaccio anasitasita kuhusu Ceres, akijiuliza iwapo kilimo kilileta heri au shari. Christine anakitetea waziwazi. Uungu ungewatenga wagunduzi hawa na wanawake wengine, ilhali ubinadamu wao unathibitisha kwamba akili ya mwanamke huzalisha maarifa. Mwaka 1410, katika kitabu chake kuhusu vita, uwanja uliohodhiwa na wanaume, anamwita Minerva mungu wa kike wa silaha, lakini anajinasibisha naye kwa asili ya Italia. Nasaba hiyo ya kibinadamu ndiyo inayohalalisha kalamu yake.