Feki na Orijino

Hapa kwetu Mtama, ukimwita kijana mvivu atacheka, na ukimwita mkorofi huenda akafurahi. Lakini ukimwita mshamba, umemchoma. Nimewaona vijana waliokuwa marafiki tangu jando wakinuniana wiki mbili kwa sababu ya neno hilo moja. Na bado, ndugu msomaji, neno lenyewe halina tusi lolote ndani yake. Mshamba ni mtu wa shamba. Katika mji huu ulio kando ya barabara itokayo Mnazi Mmoja kwenda Masasi, ni nani asiye mtu wa shamba? Mwenye duka anasubiri korosho ziuzwe ndipo alipwe madeni yake. Mwalimu ana ekari zake za ufuta. Hata fundi cherehani anajua kwamba nguo za harusi hazishonwi kabla ya msimu. Imekuwaje basi jina la kazi inayotulisha sote likageuka tusi, na tena tusi linalowauma zaidi wale waliozaliwa na kulelewa nalo?

Jibu linalotolewa barazani ni jepesi: vijana wameharibiwa na muziki, televisheni na sasa simu. Silikatai jibu hilo lote, lakini linaishia njiani. Halituelezi ni kitu gani hasa ambacho muziki na picha hizo zimewafundisha. Mimi naona zimewafundisha kipimo, na kipimo hicho kimejificha ndani ya maneno mawili ambayo hayatoki vinywani mwao: feki na orijino.

Maneno haya hayakuzaliwa kwenye muziki. Yalizaliwa sokoni. Pita siku ya gulio palipotandazwa maturubai ya viatu. Kiatu cha mtumba kilicholika kisigino, kilichovaliwa na mtu tusiyemjua huko Ulaya, kinauzwa kwa bei kubwa kuliko kiatu kipya kabisa kinachong'aa. Muuzaji anakikunja soli, anakugeuzia ulimi wa ndani uone maandishi, kisha anasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa siri, kwamba hiyo ni orijino. Kile kipya kina jina lilelile, lakini limebandikwa na mtu asiye na haki nalo. Hicho ni feki. Kwa kiatu, hesabu hiyo ni ya busara. Orijino iliyovaliwa itakupeleka misimu mitatu, feki mpya itaachia gundi mvua ya kwanza ikinyesha.

Lakini hebu tuitazame maana yenyewe. Katika lugha ya gulio, kitu hakiwi orijino kwa kuwa kizuri, wala kwa kuwa kipya, wala kwa kuwa kinakufaa mguuni. Kinakuwa orijino kwa sababu kimetoka kwa mwenye jina, na mwenye jina yuko mbali. Kipimo cha viatu kikihamia kwa watu, mambo yanaharibika. Kijana wa Mtama anashindwa kabla hajaanza, kwa kuwa yeye hakutoka mbali; yuko hapahapa. Akiimba, anapimwa kwa waimbaji wa Dar es Salaam. Wa Dar es Salaam wanapimwa kwa Lagos na Johannesburg, na hao nao kwa Marekani. Kila mmoja ni nakala ya aliye mbele yake katika foleni, na sisi tuko mwisho kabisa. Hata ajitahidi namna gani, kijana wetu atakuwa feki nzuri tu.

Ndiyo maana anahangaika na alama. Anavaa miwani ya jua magharibi imeshaingia. Anazungumza kama mtu wa Kariakoo, ambako labda amefika mara mbili. Bibi yake akimwita kwa Kimwera mbele ya wenzake, anajibu kwa Kiswahili, tena harakaharaka, kama anayefunika kitu kisionekane. Wengi humcheka kijana wa namna hiyo. Mimi humwonea huruma, kwani anafanya bidii kubwa katika mtihani ambao swali lake la kwanza ni "Umetoka wapi?", na jibu lake limeshakataliwa.

Sasa niwageukie wazee wenzangu, maana nao wana kipimo chao. Wao husema: turudi kwenye asili. Lakini asili ipi? Babu zetu wa pwani walicheza beni, ngoma iliyoanzia upande wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa Tanganyika, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walivaa sare za kuigiza jeshi na meli za Wazungu, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakapiga tarumbeta. Wakubwa wa wakati huo nao walinung'unika kwamba vijana wamepotea. Leo hii tunaihesabu beni kuwa urithi wetu.

Na serikali nayo ilikwisha kujaribu kutuamulia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na nia ilikuwa njema: kuwarudishia watu heshima ambayo ukoloni uliwapokonya. Lakini kuanzia tarehe 1 Januari 1969, kwa jina la Operesheni Vijana, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi. Wasichana walisumbuliwa mabarabarani kwa sababu ya urefu wa nguo. Wakati huohuo sindimba, ngoma ya huku kwetu kusini, ilichukuliwa ikafundishwa mashuleni na kuchezwa mbele ya wageni wa taifa, baada ya kupunguzwa yale yaliyoonekana hayafai machoni pa wageni. Je, sindimba ile iliyotengenezwa upya kwa ajili ya jukwaa ilikuwa orijino? Aliyeijua ya kijijini angesema hapana. Kipimo cha wazee na cha serikali, kwa hiyo, kilikuwa na kasoro ileile ya kipimo cha gulio. Nacho kilimwambia kijana kwamba ukweli wake hauko kwake. Tofauti ni kwamba gulio linamtuma mbali kwa njia, na wazee wanamtuma mbali kwa miaka.

Kuna mfano mmoja ambao naupenda, kwani unavivuruga vipimo vyote viwili. Mwaka 1990 kijana wa Kimarekani aliyejiita Vanilla Ice alitoa wimbo wa kufokafoka uliofika nafasi ya kwanza katika chati za kwao. Haukupita muda, ikaandikwa magazetini kwamba habari za ujana wake wa mitaani, zilizotangazwa ili auzike, hazikulingana na maisha aliyoishi kweli. Tena mlio wa besi uliobeba wimbo huo ulifanana mno na ule wa wimbo wa Queen na David Bowie, na ukawa ugomvi. Kwa lugha ya vijana wetu, alikuwa feki mara mbili.

Mwaka uliofuata, 1991, kijana wa Dar es Salaam, Saleh Jabir, aliyejulikana kama Saleh J, aliuchukua mdundo wa wimbo huohuo akaimba kwa Kiswahili, akiwatahadharisha wenzake juu ya ukimwi. Wakati ule vijana wengi waliojaribu kufokafoka walifoka kwa Kiingereza, na wasikilizaji wengi hawakuelewa neno. Saleh J hakubuni mdundo. Alichukua nakala ya nakala. Lakini aliowaimbia walikuwa mbele yake, lugha ilikuwa yao, na ugonjwa aliowaonya nao ulikuwa ukiwaua watu wao. Radio One na ITV zilipoanza mwaka 1994 na kuwapa vijana mahali pa kusikika, njia hiyo ya kufoka kwa Kiswahili ilikwisha funguliwa, na ndiyo iliyotufikisha kwenye muziki tunaouita bongo fleva. Ukipima kwa gulio, wimbo wa Saleh J ni feki kabisa. Ukiupima kwa waliousikia ukawagusa, hesabu inabadilika.

Jambo la pili linatuhusu sisi wa Lindi moja kwa moja. Leo katika Tanzania nzima mtu anayetembeza bidhaa mkononi huitwa machinga. Wamachinga ni watu wetu, wa pwani hii baina ya Lindi na Kilwa, na jina lao lilishika mijini katika miaka ya 1980, pale vijana wa kusini walipokwenda kwa wingi kujitafutia riziki katika mitaa ya Dar es Salaam. Wapo waliojaribu kulipatia neno hilo asili ya Kiingereza, kana kwamba kabila la Lindi haliwezi kuipa nchi neno. Hebu fikiri, ndugu msomaji: zile suruali za jinzi, zile kofia, zile kanda za muziki, vitu vyote vilivyomtofautisha mtoto wa mjini na mshamba, sehemu kubwa vilifika mikononi mwa mtoto huyo wa mjini vikitoka begani kwa kijana wa kusini. Wale walioitwa washamba ndio waliouza ujanja. Kisha wadogo zao waliobaki nyumbani wakafundishwa kuwaonea wivu wanunuzi.

Wapo watakaoniambia kwamba mambo yamegeuka. Wataniambia nimtazame Harmonize, mzaliwa wa mkoa jirani wa Mtwara, aliyejulikana mwaka 2015 kwa wimbo wa Aiyola akiwa chini ya lebo ya Wasafi ya Diamond Platnumz. Miaka ile ya mwanzo wengi walimwambia sauti yake ni nakala ya bosi wake. Mwaka 2019 alitoka, akaanzisha lebo yake, akaipa jina la Konde. Kwa kizazi changu hili si dogo. Mmakonde alichekwa mjini kwa chale zake za usoni na kwa ndonya ya bibi yake, hata wakati vinyago vyake vilipokuwa vikinunuliwa na wageni kwa fedha za kigeni. Leo mtoto wa Moshi au wa Mwanza anajiita mtu wa Konde kwa majivuno. Nampongeza kijana huyo kwa kulitoa jina letu uvunguni.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuishia kwenye pongezi. Jina limepanda, lakini ni mambo mangapi ya kusini yaliyopanda nalo? Nasikiliza nyimbo hizo, nazo ni nzuri kuchezwa, lakini mapenzi yake, magari yake na usiku wake ni wa mjini, ambao ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Konde imekuwa lebo iliyoshonwa ndani ya kiatu. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuzisomba, kila nyumba huku ilikuwa na la kusema. Watu walihesabu usiku kucha, wakagombana, wakasubiri malipo. Kila mwaka kuna kangomba, ambapo mkulima mwenye shida anauza korosho zake kwa bei ya kutupa kabla hazijafika chama cha ushirika. Katika simu za vijana wa mtaani kwangu sijausikia wimbo hata mmoja wa mambo hayo. Hasara yake ni hii: jambo lisiloimbwa, kijana huona haya kulisema, na asilolisema hawezi kulidai.

Kiswahili chetu kina neno bora kuliko orijino, nalo ni mwenyewe. Neno hilo lina maana mbili kwa pamoja: ni mtu yuleyule, na ni mtu mwenye mali. Tukisema kitu kina mwenyewe, hatuulizi kilitoka wapi, tunauliza nani anakitunza. Mfano tunao mashambani. Mkorosho si mti wa asili ya huku. Uliletwa na Wareno kutoka Brazili. Hakuna mtu wa Mtama anayeuita mti wa kuigiza. Ni wetu kwa sababu tunaupalilia, tunaupulizia salfa kuukinga na ubwiriunga, tunainama kuokota korosho zake hadi mgongo ukatae. Na mti huohuo unatuonyesha pia tunapokosea. Sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi, zikabanguliwa India na Vietnam, halafu tukakutana nazo ndani ya pakiti nzuri zenye jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo vijana wakiniletea mwimbaji chipukizi wa hapa Mtama na kuniambia anaimba kama fulani, mimi huwauliza anamwimbia nani. Mdundo achukue popote apendapo. Hata beni ilichukua. Avae mtumba akitaka, mimi mwenyewe nimevaa. Lakini mwezi wa Oktoba minada ikifunguliwa, watu wakajipanga ghalani na magunia yao wakisubiri kusikia bei, hao ndio wasikilizaji alionao. Natamani wamsikie.