Kigoda cha Milansi na Tanuri la Bibi Harusi: Tahakiki ya Masimulizi ya Ufipa katika Hifadhi za Maktaba

Mtafiti wa fasihi simulizi anayeingia sehemu ya East Africana, Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kutafuta hadithi za Wafipa hukutana mapema na tatizo la majina. Kwa sehemu kubwa, masimulizi ya uwanda wa Ufipa hayakuhifadhiwa kama fasihi. Yamo ndani ya maandishi ya kianthropolojia, ya kimisionari na ya kiufundi, ambayo aghalabu vichwa vyake havidokezi kuwa ndani mna simulizi. Tahakiki hii inadai kwamba jambo hilo linavuka mipaka ya upangaji wa rafu, kwa kuwa limeathiri namna masimulizi yenyewe yalivyosomwa.

Mfano ulio wazi umo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1937 R.C.H. Greig alichapisha humo makala kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa. Mwaka 1958 R. Wise alichapisha mbili, moja juu ya uyeyushaji na nyingine juu ya matambiko yake. Mgawanyo huo wa Wise unastahili kuhojiwa. Kwa wahunzi wa Ufipa, tanuri refu la udongo, ambalo mabaki yake bado yanaonekana uwandani na huitwa malungu, halikuwa chombo kwanza na tambiko baadaye. Tanuri jipya lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Lilipambwa, dawa zilifukiwa chini yake, na wayeyushaji walijitenga na wake zao kwa muda wote wa kazi. Kwa vigezo vya fasihi simulizi, hapa pana mhusika, maleba, miiko na mfuatano wa matukio. Kwa hiyo pana utendaji. Sitiari ya tanuri kama mwanamke ndiyo inayoushikilia mfuatano huo, kwani kuzaliwa kwa chuma hakueleweki bila harusi iliyotangulia. Msomaji wa makala ya kwanza peke yake hupata udongo, mkaa na joto, na yule wa makala ya pili hupata imani. Sitiari imekatwa katikati, na kila nusu ikawekwa katika toleo lake.

Kisasili cha Milansi kimepata bahati tofauti: kilisomwa sana, ila na wataalamu wa taaluma nyingine. Kwa muhtasari, mfalme wa Milansi anaondoka na kumwacha mwanamke nyumbani. Wanawake wageni wa nasaba ya Twa wanafika na kupewa kigoda cha kifalme wakalie. Mfalme anaporudi anakuta mamlaka yamehama. Anabaki na Milansi pamoja na heshima ya ukuu wa kimatambiko, ilhali Twa wanaitawala nchi, ambayo baadaye inagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alikichambua kisasili hiki kwa misingi ya umuundo katika makala yake ya 1967, “The Head and the Loins”. Milansi aliiweka upande wa kichwa, Twa upande wa kiuno. Manufaa ya uchambuzi huo hayakanushiki: ulionyesha kwamba kisasili si historia iliyosahauliwa vibaya, bali ni fikra iliyopangwa. Hata hivyo, mchoro wa jozi za kinzani hauna nafasi ya fanani wala hadhira. Ni vigumu kuamini kwamba mtambaji wa upande wa Milansi na yule wa upande wa Twa wangekitamba kisa hiki kwa sauti moja. Willis mwenyewe alirudi kwenye usimulizi katika There Was a Certain Man (1978), jina linalomkumbusha msikilizaji wa Kiswahili ufunguzi wa hadithi, hapo kale palikuwa na mtu. Miaka mitatu baadaye, katika A State in the Making, kisasili kimerejea tena kwenye kazi ya kueleza jinsi dola lilivyoundwa.

Kinachopotea katika safari hiyo ni kigoda chenyewe. Katika uchambuzi wa kisiasa, kigoda ni alama ya enzi, na mwanamke aliyekitoa amekosea. Kwa Kiswahili, neno kiti hubeba mambo mawili pamoja: kiti cha enzi, na kiti anachokaribishwa mgeni kabla hata ya kuulizwa habari. Mgeni aliyefika mlangoni haachwi amesimama. Ikisomwa hivyo, mwanamke wa Milansi alitimiza sheria ya ugeni, na ufalme ukapotea kwa sababu ilitimizwa. Tofauti hii si ndogo: inahusu iwapo kisasili kinaijenga dola juu ya kosa la mwanamke au juu ya ukarimu ambao wageni waliutumia vibaya.

Inaweza kupingwa kwamba usomaji huu unakivika kisa cha Kifipa vazi la Kiswahili. Pingamizi hilo ni la haki, na hifadhi peke yake haiwezi kulijibu, kwa kuwa mara nyingi inatupatia Kiingereza au Kifaransa cha mkusanyaji, kama alivyo Askofu Lechaptois katika kitabu chake cha 1913. Jarida lilelile lililochapisha makala za wahunzi lilichapisha mwaka 1946 maisha ya Adrien Atiman, tabibu na katekista wa Karema, yakisimuliwa naye mwenyewe. Yeye alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa na misheni. Wahunzi hawakuwa na mlango huo, nao wanasemewa.

Kwa hiyo usomaji wa kigoda unahitaji kupelekwa Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwenye rafu za Dar es Salaam. Swali la kwanza la kuwauliza watambaji wa Milansi ni dogo: kigoda cha mfalme kinaitwaje kwa Kifipa, na je, ni neno hilohilo linalotumika mgeni wa kawaida anapokaribishwa kukaa?