Tadbiri ya Kuvuka Alpi: Jinsi Mahujaji wa Roma Walivyoupita Mlima

Mwaka 959 askofu mkuu mteule wa Canterbury, jina lake Ælfsige, aliondoka Uingereza kwenda Roma kupokea kwa Papa ule utepe wa sufi nyeupe uitwao palio, ambao bila ya huo cheo chake hakikuhesabiwa kuwa kimetimia. Na alipoingia katika milima ya Alpi baridi ilimshika, akafa kabla ya kuuona mji aliouendea. Miaka 31 baadaye, mwaka 990, Sigeric, mwenye kukalia kiti kile kile, alikwenda Roma kwa haja ile ile, akapewa palio yake, akazuru makanisa 23, akala chakula pamoja na Papa Yohane wa 15, kisha akarejea kwao salama, na katika safari ya kurejea ikaandikwa orodha ya vituo 80, kuanzia Roma hadi ukingo wa bahari inayotazamana na Uingereza. Baina ya watu hawa wawili hatuna mizani ya kupima ni yupi aliyekuwa na imani zaidi ya mwenzake. Njia, lakini, inapimika. Na atakayeipima njia ile, hatua kwa hatua na karne kwa karne, ataona kwamba kuvuka mlima kulikuwa kazi ya tadbiri iliyokwisha kufanywa na watu wengine kabla hujaji hajafunga viatu vyake.

Tuanze na orodha yenyewe, maana aghalabu hutajwa kwa ajili ya ukale wake na mara chache husomwa kama hesabu. Vituo 80 katika masafa yapatayo kilomita 1,600 na ushei ni wastani wa kilomita 20 hivi kwa kila manzili, mwendo ambao mtu mwenye afya, akiwa na mizigo na wanyama, aweza kuufanya siku baada ya siku bila ya kujidhulumu. Walakini wastani huficha maarifa, nayo maarifa yamo katika tofauti. Anayetoka kaskazini, akipanda bonde la mto Rhône kutoka Saint-Maurice, hukuta manzili ya kwanza ya kuelekea mlimani ni ndefu, zaidi ya kilomita 30 hadi Orsières, kwa sababu sehemu kubwa ya njia hiyo ni sakafu ya bonde, na bondeni miguu haidai sana. Manzili ya pili, kutoka Orsières hadi Bourg-Saint-Pierre, ni kilomita 14 hivi tu, ingawa inapanda karibu mita 700. Ya tatu ndiyo mvuko wenyewe, kilomita zipatazo 20, kutoka Bourg-Saint-Pierre kupita kilele hadi Saint-Rhémy, vituo ambavyo katika orodha ya Sigeric ni nambari 49 na 48. Yaani siku moja ndefu palipo tambarare, siku moja fupi penye mpando, na usingizi mzuri kabla ya siku iliyo kubwa.

Tazama tena mahali vilipo vijiji viwili hivyo. Kipito cha Grand-Saint-Bernard, ambacho watu wa zama zile walikiita Mlima wa Jupiter, kina kimo cha mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Na Bourg-Saint-Pierre upande wa kaskazini, pamoja na Saint-Rhémy upande wa kusini, vyote viwili vimekaa katika kimo cha mita 1,600 au zaidi kidogo. Ulingano huu haukuja kwa bahati. Hapo ndipo bado pana miti ya kuchoma, majani ya kulisha nyumbu, na udongo unaoweza kuotesha nafaka. Juu ya hapo miti hupungua hata ikakoma, na mtu asiyeotesha kitu hawezi kumkirimu mgeni. Kwa hivyo kila kijiji kimepanda juu kadiri riziki ilivyoruhusu, na pengo lililobaki baina yao, mita 850 za kupanda na nyingine kiasi hicho za kushuka, ni pengo ambalo mtu aweza kulimaliza baina ya macheo na machweo ya siku ya kiangazi. Upande wa kusini ni mkali zaidi, kwani kimo hicho hupandwa katika kilomita saba hivi, ilhali upande wa kaskazini hukunjuka katika kilomita kumi na mbili au kumi na tatu. Sigeric, akirejea kutoka Roma, aliuanza ukali asubuhi akiwa na nguvu zake zote, na urefu ukambakia kwa alasiri, wakati magoti yamekwisha choka.

Njia aliyoikanyaga haikuwa yake wala ya zama zake. Warumi waliichonga katika mwamba, wakaitengeneza hasa katika enzi ya mfalme Klaudio, katikati ya karne ya kwanza, na kule juu walijenga hekalu la Jupiter ambalo ndani yake wasafiri waliweka vibao vidogo vya shaba, kila kimoja nadhiri ya mtu aliyeomba apate kwenda na kurudi. Vibao kadhaa vya namna hiyo vimefukuliwa, na ni ushahidi kwamba khofu ya mahali pale ni kongwe kuliko Ukristo wa mahali pale. Mwamba uliochongwa una fadhila moja isiyoonekana upesi: theluji ikiyeyuka na maji yakichimba, udongo huondoka na njia hupotea, bali mchongo wa jiwe hubaki kuwa alama. Mahujaji walirithi dira iliyoandikwa mlimani miaka mia tisa kabla yao.

Alama za mawe, hata hivyo, hazimkingi mtu na mtu mwenziwe. Karne ya kumi iliikuta Alpi ikiwa na ngome ya Waislamu waliotoka Andalusi na kujiweka Fraxinetum, kwenye pwani ya Provence, nao kwa miaka mingi walivishika vipito vya milima. Mwaka 921 mahujaji wa Kiingereza waliokuwa njiani kwenda Roma waliuawa kwa kuporomoshewa mawe katika njia nyembamba. Na mwaka 972 Maiolus, mkuu wa monasteri ya Cluny, mtu aliyeheshimiwa na wafalme, alitekwa karibu na Orsières, asifunguliwe ila kwa fidia ya ratili 1,000 za fedha. Ghadhabu ya tukio hilo iliwakusanya mabwana wa Provence na Turin, na muda si muda ngome ikavunjwa. Ndiyo kusema Sigeric alipita katika njia ambayo haikuwa imepata amani hata kwa miaka 20, na usalama wake ulinunuliwa kwa sehemu kwa fidia ya mtu mwingine.

Tena kulikuwa na madhara ya sheria, ambayo huua polepole. Katika milango ya mabonde mabwana wa nchi walijenga vizuizi na kutoza ushuru, hata maskini akamaliza akiba yake kabla ya kupanda. Mwaka 1027 Knut, mfalme wa Uingereza na Denmark, alikwenda Roma na kuhudhuria kutawazwa kwa Kaizari Konrad wa pili, na mbele ya Kaizari, Papa, na Rudolf mfalme wa Burgundy, ambaye vipito vilikuwa katika milki yake, aliomba watu wake wanaokwenda Roma, mahujaji na wafanya biashara, wapunguziwe vizuizi na ushuru usio wa haki, akakubaliwa. Anayechambua mbinu za kuvuka mlima asiudharau mkataba kama huu, kwa kuwa kila sarafu iliyobaki mfukoni ilikuwa mkate, au siku moja zaidi ya kungoja hali ya hewa itengenee.

Sasa tufike katika badiliko kubwa kuliko yote. Mnamo mwaka 1050 Bernard, shemasi mkuu wa Aosta, aliasisi nyumba ya wasafiri juu kabisa, penye kilele chenyewe, na kwa nyumba ile ikawezekana kuikata kwa katikati manzili iliyo baina ya kituo cha 48 na cha 49. Matokeo yake katika hesabu ni makubwa kupita mawe ya jengo. Zamani aliyetoka Saint-Rhémy alipaswa kuamua alfajiri kwamba hali ya hewa itamvumilia kilomita 20. Sasa alihitaji kuamua kwa ajili ya kilomita saba. Zamani aliyekutwa na tufani karibu na kilele alikuwa mbali na moto kwa pande zote mbili. Sasa pale palipokuwa pabaya zaidi ndipo palipokuwa karibu zaidi na mlango. Na mlango huo ulifunguliwa bila ya kuuliza dini, nchi, wala kipato.

Lakini nyumba iliyojengwa mahali pasipoota mti huishi kwa vitu vya kuletwa. Kuni zilipandishwa na wanyama kutoka mabonde ya chini. Mkate, jibini na mvinyo vivyo hivyo. Na gharama yake haikuweza kutoka katika sadaka za wapita njia, ambao wengi wao hawakuwa na kitu. Jawabu lilikuwa wakfu. Mabwana na wafalme waliitolea nyumba ile mashamba, makanisa na mapato katika nchi mbalimbali, hata Uingereza, ambako Henry wa pili, mwishoni mwa miaka ya 1150, aliiwekea monasteri ndogo huko Hornchurch, Essex, iliyobaki mali yake mpaka iliponunuliwa mwaka 1391 kwa ajili ya chuo kimoja cha Oxford. Basi mkulima wa Essex, ambaye pengine hakupata kuuona mlima maishani mwake, alikuwa akilipia moto uliowashwa karibu na mawingu.

Wakati wa kiangazi njia, vijiji na nyumba vilitosha. Majira ya baridi yalidai kitu cha nne, nacho ni elimu ya wenyeji. Habari iliyo bora juu ya jambo hili tumeachiwa na Rodulf, mkuu wa monasteri ya Saint-Trond, aliyekwama Saint-Rhémy mwanzoni mwa mwaka 1129 pamoja na umati wa mahujaji, huku theluji ikianguka juu na mbele na nyuma. Waongozaji wa kijiji, walioitwa marones, walikubali kufungua njia kwa ujira mkubwa. Rodulf anawaeleza kwa mavazi yao: kofia za sufi iliyoshindiliwa, mifuko ya mikono yenye manyoya, viatu virefu vyenye misumari ya chuma nyayoni ili wasiteleze katika barafu, na fimbo ndefu za kuchomea theluji na kuitafuta njia iliyofukiwa chini yake. Mpango wa mwendo ulikuwa hivi: waongozaji watangulie na kukanyaga, farasi wafuate na kuishindilia njia, ndipo mabwana waliochoka wapite katika iliyokwisha kuwa ngumu. Wakati wasafiri wakiwa kanisani wakiomba salama, ilikuja habari kwamba poromoko la theluji limewachukua kumi katika wale waliotangulia. Msafara ukarudi nyuma hadi kijiji cha Étroubles, ukapumzika, na kuvuka baadaye.

Katika kisa hicho mtaalamu aone mambo mawili. La kwanza, ile tadbiri ilikuwa sahihi: mpangilio wa waongozaji, farasi na watu ni ule ule ambao akili ingeuchagua leo pasipo mashine. La pili, tadbiri sahihi haiondoi hatari, ila huihamisha kutoka kwa wengi wasiojua kwenda kwa wachache wanaojua, nao hulipwa kwa sababu hiyo. Kurudi Étroubles nako kulikuwa sehemu ya ufundi. Nahodha wa jahazi hachelewi kwa uvivu anapoungoja musimu bandarini, na hujaji aliyengoja chini ya kipito alikuwa akifanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba kungoja mlimani kunahitaji mtu wa kukulisha, na hapo tunarudi tena kwa vijiji, mikataba na wakfu. Mwaka 1188 John wa Bremble, mmonaki wa Canterbury, aliandika kutoka mlima ule kwamba wino wake uliganda chupani, vidole vikakataa kuandika na ndevu zikakauka kwa barafu. Na barua ilifika, maana yake palikuwa na kuta za kujikinga na mtu wa kuichukua.

Mbwa waliolipatia jina la Saint-Bernard umaarufu wa dunia walikuja baadaye sana, kwani habari zao hazionekani kabla ya mwisho wa karne ya 17, na kile kipipa shingoni ni cha mchoraji Edwin Landseer, aliyekichora mwaka 1820, wala si cha makasisi. Kazi yao ya kweli ilikuwa kunusa na kuitambua njia penye ukungu, yaani kuiongezea tadbiri ya zamani pua moja.

Tangu mwaka 1964 magari hupita katika handaki lililotobolewa chini ya mlima, karibu kilomita sita, na barabara ya juu hufungwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo wako waendao kwa miguu, na wamezidi tangu Baraza la Ulaya kuitambua njia ya Sigeric mwaka 1994 kuwa njia ya urithi. Hulala Bourg-Saint-Pierre, huvuka kiangazi, na hupokewa kileleni na makasisi wa nyumba ile ile, ambayo haifungwi hata kipupwe. Viatu vyao ni bora kuliko vya Rodulf, na habari za hali ya hewa huzipata mkononi. Lakini mgawanyo wa siku ni ule wa karne ya kumi na moja, kwa sababu mlima haukupungua na magoti ya binadamu hayakuongezeka nguvu.

Mwenye kutaka kuijua njia yoyote ya hija ya milimani, iwe ya zamani au inayokatwa leo, na aulize kwanza kuni hutoka wapi, mgeni asiye na fedha hulishwa na mali ya nani, na ni nani anayetangulia theluji ikiwa imefunika alama. Njia yenye majibu ya maswali haya huwapitisha hata wanyonge. Isiyo nayo huwapitisha wenye nguvu peke yao, na wakati mwingine hata hao haiwapitishi, kama ilivyokuwa kwa Ælfsige.