Begi jepesi, dosye nzito

Wandugu, kila mwaka likizo ikikaribia, ku magrupu yetu kunapita zile video na orodha za kuzunguka Ulaya na treni kwa bei ndogo. Karibu zote zinafanana: begi moja ya mgongo, mashati matatu, pasi ya treni mu simu, na shauri moja linalorudi kila mara: usipange sana, amka asubuhi, panda treni yoyote unayopenda. Nimeziangalia nyingi. Ziko na mazuri, lakini kuko pahali zinatupoteza.

Nianze na mazuri. Habari ya begi moja ni ya kweli. Ukiwa na dakika sita tu za kubadilisha treni, valizi kubwa itakuumiza ku ngazi. Nguo nyepesi tatu, moja juu ya ingine, zinashinda koti moja nzito. Kufua usiku, kujaza chupa ya maji, kununua mkate na tunda ku supamaketi kuliko kula ku kituo: hiyo yote inaokoa pesa kabisa.

Ku hesabu ya treni, video nyingi zinasema nusu ya ukweli. Pasi haimaanishi kila treni imekwisha kulipwa. Mu Ubelgiji, Ujerumani, Austria na Uswisi, treni nyingi za ndani unapanda tu. Lakini TGV ya Ufaransa, treni za mwendo kasi za Italia na Hispania, Eurostar, na treni za usiku zinadai ulipe nafasi juu ya pasi. Ukipita mu hizo kila siku, bei ndogo inakuwa kubwa. Tena pasi ni mbili: Eurail ni ya wanaotoka nje, Interrail ni ya wenye kukaa Ulaya. Ndugu yetu mwenye bursa na kadi ya kukaa ya Ubelgiji, hata akiwa na pasipoti ya Kongo, yeye ni wa Interrail. Na mwenye miaka 27 ao chini analipa bei ya vijana. Ni video ngapi za Kiswahili zimekuambia hivyo?

Hata hivyo, kosa kubwa haliko ku begi wala ku bei. Liko ku lile neno "usipange".

Mtu wa Lubumbashi ao Bukavu anayeomba viza ya Schengen anapaswa kuonyesha ratiba, pahali pa kulala, pesa za kumtosha, sababu za kurudi nyumbani, na asiransi ya safari inayofunika angalau euro 30.000. Dosye inapelekwa ku nchi ambako atakaa siku nyingi zaidi. Kama siku ni sawasawa, ku nchi atakayoingilia kwanza. Tangu Juni 2024 mtu mzima analipa euro 90, na wakimkatalia, pesa hairudi. Sasa mtu huyo ataamkaje asubuhi na kufuata moyo wake? Kwake yeye, kupanga ndiyo kazi ya kwanza. Video inayomwambia asipange inamwambia akatalishwe.

Kuko na hatari ingine. Video moja inasema: ukiwa Paris, ruka kidogo London, ukiwa Budapest, shuka Belgrade. Uingereza na Serbia haziko mu Schengen. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukitoka tu, imekwisha, hata kama siku zilikuwa zimebaki. Nani atakulipia kurudi?

Na wanapenda kusema Ulaya haina mipaka. Miaka hii nchi kadhaa za Schengen zimerudisha ukaguzi. Nilipokuwa mwanafunzi kule, nilikuwa ninaacha pasipoti nyumbani, ninabeba picha yake mu simu, vile orodha moja ilinifundisha, ati mwizi asiichukue. Siku moja, kwenye mpaka mmoja, polisi walipanda mu treni. Nilishushwa peke yangu. Wazungu wawili niliokaa nao hawakuulizwa kitu. Nilikaa ku benchi saa mbili, treni ya mwisho ikaenda. Shauri la ile orodha halikuwa baya kwa yule aliyeiandika. Halikuandikwa kwa ajili yangu.

Tukumbuke asili yake. Mwaka 1957 Mmarekani Arthur Frommer, aliyekuwa askari mu Ujerumani, alitoa kitabu cha kuzunguka Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Interrail ilianza 1972 kwa vijana wa Ulaya wenyewe. Waliwahudumia watu wao, hakuna ubaya. Ubaya ni wetu, sisi tunaochukua maneno yao, tunayatia sauti ya Kiswahili ao Lingala, bila kubadilisha hata mstari moja, halafu kijana anauza simu na kukopa kwa mjomba ili afuate ndoto ya mtu mwenye pasipoti ingine.

Orodha yetu ianze hivi: pasipoti yenyewe ku mwili, si ku begi, mchana na usiku. Kopi za dosye pembeni. Ratiba iliyo sawa na ile uliyoweka mu dosye. Ile nyama kavu mama atakayotaka kutia mu begi, umkatalie kwa heshima: nyama na maziwa kutoka kwetu hayaruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Kisha sasa, njo tuzungumze mashati matatu.

Wale mumekwisha kufanya safari hiyo na pasipoti yetu, muandike vile ilikuwa, na bei zote, hata pale mulikataliwa. Hiyo njo itasaidia wadogo wetu.