Yai la Kioo na Fulana ya Mbagala

Mlinzi wa amani akiuawa kazini, Umoja wa Mataifa huipa familia yake yai la kioo. Huitwa Nishani ya Dag Hammarskjöld, ingawa haina utepe wala pini ya kuvalia kifuani. Imechongwa jina la marehemu, tarehe aliyokufa, na maneno kwamba aliitumikia amani, kwa Kiingereza na Kifaransa. Hayo ni maandishi, basi nayasoma kama ninavyosoma kitabu.

Ni maandishi mafupi mno. Meja Khatib Shaaban Mshindo wa JWTZ aliuawa karibu na Goma, 28 Agosti 2013. Luteni Rajabu Ahmed Mlima akauawa Kiwanja, 27 Oktoba mwaka huohuo. Wote walikuwa vitani na M23. Sasa angalia: kioo kinataja siku ya kufa tu, siku ya kuzaliwa hakuna. Hapo msomaji ananyimwa hesabu ndogo ambayo sisi sote huifanya kaburini, ya kutoa mwaka kwenye mwaka kisha kuguna. Kwenye kioo, luteni kijana na mzee wa miaka sitini wanalingana.

Halafu lugha. Goma wanaongea Kiswahili, Temeke hivyohivyo. Askari wetu hawakuhitaji mkalimani kuagiza chai kule. Hata Sanamu ya Askari pale Posta, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, ina Kiswahili. Ila haina jina la askari hata mmoja. (Mkoloni alijua lugha yetu, majina yetu hakuyaandika.)

Ukitaka vyote kwa pamoja, nenda kwenye vibanda vya kuchapa fulana za msiba, Mbagala au Manzese. Wahakiki huzicheka, na kweli herufi zinabanana, picha imevutwa mpaka shavu limepanuka. Lakini pale kuna mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, jina la ukoo na la mtaani, wakati mwingine hata maneno ya utani ambayo wa nje hawezi kuyaelewa. Aliyeandika alimfahamu mtu. Kwangu mimi, hiyo ndiyo fasihi iliyo bora kuliko kioo, japo baada ya mwaka mmoja wa kufuliwa sura inafifia na mwenye fulana anaanza kulalia.

Kioo hakifui wala hakififii. Kinakaa kabatini, na mtoto wa marehemu akikua atalazimika kuuliza baba alikuwa na miaka mingapi.